Kitunguu Saumu kwenye Pumba

Baba watoto, mpenzi wangu,

Hatujambo. Jino la mbele limemng'oka binti yetu. Akicheka utacheka naye.

Tangu kuku wamwambukize binti yale maradhi ya tumbo, nawe ukaondoka kwa hasira, pumba yao naichanganya na kitunguu saumu na mchaichai, kama alivyonielekeza daktari wa mifugo. Jana alileta majibu ya kinyesi chao.

"Mama, vijidudu vimepungua sana. Ila usiache kunawa mikono."

Nikageuka nikuambie, nikakuta kiti kitupu.

Nilikosea kukuficha kwamba kuku walikuwa wanaumwa. Nisamehe. Binti anauliza utarudi lini. Shati lako la bluu nimelifua tena, ingawa hakuna aliyelivaa.

Ni mimi, Mama Kuku wako.