Kumi na Sita Ilitosha

Mama Upendo wangu,

Hujambo siwezi kukuandikia, na pole nimepewa za kutosha, kwa hiyo naanza tu. Naandika waziwazi, atakayesoma na asome. Sina siri yoyote. Nina habari za kompyuta.

Najua ungecheka. Mwanamume anamwandikia mkewe aliyelazwa kwenye udongo wa Machame, na habari aliyonayo ni ya kompyuta. Lakini ndiyo niliyonayo, nyingine zote zinanipita. Watu wa usharika wanakuja, wanaimba, wanaomba, nami naitikia amina mahali pa amina. Dukani nauza vipuri vya magari kama kawaida, rejeta, plagi na mikanda ya feni, wala sikosei chenji. Chakula nakula, ila ukiniuliza nimekula nini sikumbuki. Watu wananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza, Mama Upendo. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaushika, unajua ni wako, basi.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kuinunua? Ulisema mtoto wa siku hizi asiyejua kompyuta ataachwa nyuma, na Upendo akaongeza kwa sauti ya chini kwamba iwe inayocheza na gemu. Tukapanda mjini watatu, kwa yule mzee wa miwani anayeuza kompyuta zilizotumika za kutoka Dubai. Mimi nilidhani kompyuta ni kompyuta, unalipa unabeba. Kumbe mwenzangu, kila kitu kilikuwa na swali lake. Alipofika kwenye kadi ya picha akauliza, "Memori ya kadi mnataka ngapi?"

Nikakutazama. Wewe hukunitazama. Ukamuuliza, "Zipo ngapi?"

"Megabaiti nane, kumi na sita, thelathini na mbili."

"Na tofauti yake?"

Akaeleza kwamba kadi huiandaa picha kabla ya kuimwaga kwenye kioo, na picha ikiwa kubwa na yenye mambo mengi inahitaji nafasi kubwa ya kuandaliwa. Nafasi ikiwa ndogo, magari ya kwenye gemu yanarukaruka badala ya kukimbia. Mimi nikasema mara moja, "Tupe thelathini na mbili." Sikuwa nimeelewa. Nilisikia tu kwamba ndiyo kubwa kuliko zote.

Ukaniambia mbele ya yule mzee, bila hata kushusha sauti, "Baba Upendo, wewe bado uko kwenye foleni ya sukari."

Ulikuwa sahihi. Sisi tulikua enzi za duka la ushirika, ukisikia kitu kimefika unakimbia, na ukipata unachukua kiasi mikono inachoweza kubeba, maana kesho hakuna. Leo kila kitu kinaingia, soko limefunguliwa, mtu anakuuliza unataka kipi, na wengine hatujafundishwa kujibu. Wewe ulijifundisha. Ulimuuliza kioo chetu cha inchi kumi na tano kinataka ngapi, na gemu la magari analolitaka mtoto linataka ngapi. Akasema kumi na sita inatosha kabisa, thelathini na mbili ni kwa ajili ya baadaye.

"Hiyo baadaye itakuja na ya kwake," ukasema. "Tufungie kumi na sita."

Njiani kurudi Kijenge nilinuna kidogo. Ukaninunulia mahindi ya kuchoma ili ninyamaze vizuri, ndivyo ulivyosema.

Na kumi na sita ikatosha. Jioni baada ya taarifa ya habari Upendo anawasha, tunakaa watatu. Nilifikiri utachoka siku ya pili. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unamwambia mtoto, "Hebu nipishe na mimi." Sijawahi kuona mtu akiendesha vile. Wenzako wote wanakimbia kama wanafukuzwa, wewe unakwenda pembeni taratibu, unapunguza mwendo kwenye kona, na ukigongwa unasema, "Huyu naye ana haraka ya wapi?" Ulimaliza wa mwisho siku zote. Upendo alikuwa anajikunja kwa kicheko mpaka anashuka kwenye kochi.

Kisha ukaanza kuumwa, ukawa unatazama tu. Mikono yako haikujua kukaa bure, ukachukua sindano ya kroshia na uzi mweupe. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, friji chake, na makochi yote yalikuwa yamevaa. Kompyuta peke yake ndiyo ilikuwa uchi, na wewe hukuwa mtu wa kuacha kitu uchi sebuleni. Ulifuma kitambaa cha maua makubwa yenye matundu, ukakipima kwenye lile sanduku la kompyuta kama fundi anayepima gauni, juu, mbele mpaka chini, nyuma mpaka chini. Siku ulipokimaliza ulisimama mwenyewe kwenda kukiweka, ukishika ukuta. Ukatuonyesha namna ya kukunja mbele ili kitufe kionekane. Nyuma ukasema kibaki kimeshuka, nyaya zile zinatia aibu wageni wakija.

Hicho ndicho kitu cha mwisho ulichokiweka mahali kwa mikono yako. Baada ya hapo tulikuwa tukikuwekea sisi.

Mazishi hayana haja ya kusimuliwa. Siku ya kuondoa tanga dada zako waligawa vitu vyako kama inavyotakiwa. Khanga zilikwenda, masweta yalikwenda, yale mabatiki ya kanisani yalikwenda kwa yule mdogo wako wa Moshono aliyekuuguza. Sikupinga, ndiyo mila, na walifanya kwa heshima. Lakini walipomaliza chumbani, mmoja akatoka sebuleni akatazama vitambaa, nami nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Vitambaa vya hapa visiguswe. Na asiviguse mtu." Shemeji akaurudisha mkono. Upendo alikuwa amesimama mlangoni, akasikia.

Tangu siku hiyo sebule ikabaki ulivyoiacha. Hata vumbi lilikaa, na vumbi la Kijenge unalijua.

Ikabaki ile saa yetu ya jioni. Nikuambie ukweli, ndiyo muda pekee mimi na mtoto tuliokuwa tunakaa pamoja. Asubuhi anakwenda shule hatujaamkiana vizuri, mezani tunakula tukitazama sahani. Sikuwa na neno la kumwambia na yeye hakuwa nalo la kuniambia. Lakini akiwasha lile gemu, nakaa kwenye kochi nyuma yake, magari yanakwenda, na tunakuwa tumekaa pamoja bila kulazimika kusema.

Basi gemu likaanza kuganda. Anaendesha kidogo, picha inasimama, gari liko hewani na halishuki. Anazima, anawasha, dakika si nyingi linaganda tena. Tunabaki tunatazama lile gari. Kisha anasema, "Imestaki, baba. Usiku mwema," anaingia chumbani kwake, nami nabaki na vitambaa.

Nikajiambia ni memori. Nilimsikia yule mzee akisema picha ikikosa nafasi haikimbii. Nikajiambia ungenisikiliza tungekuwa na thelathini na mbili. Ndiyo, nilikukasirikia, na ilikuwa nafuu, maana kilikuwa kitu. Hakikudumu.

Nikaenda kwa yule mzee. Akauliza habari zako, nikamwambia. Akavua miwani, akakaa nayo mkononi. Halafu akasema kuganda si lazima iwe memori, nimletee mashine aione. Sikutaka kuihamisha, ungehama na wewe. Nikamwambia amtume fundi wake aje nyumbani kufunga thelathini na mbili, yaishe. Fundi akaja mchana, mimi niko dukani, Upendo akamfungulia.

Jioni yake nikakaa kwenye kochi kama mtu anayesubiri mgeni. Magari yakaondoka vizuri. Kisha likaganda, lile lile, hewani. Upendo hakugeuka kunitazama. Akasema usiku mwema.

Mama Upendo, nikaanza kuulizia ya sitini na nne kutoka Nairobi. Wewe umeshaelewa, najua. Mimi bado.

Wiki ile ile umeme ulikatika mtaa mzima wa duka, nikafunga mapema, nikarudi nyumbani jua likiwa juu. Kwetu umeme ulikuwepo. Nikafungua mlango, nikasikia yale magari. Yanakimbia. Upendo ameinama mbele, anakata kona kama mwendawazimu, na hayagandi. Na kitambaa chako kimeinuliwa upande wa nyuma na kubanwa na vibanio viwili vya nguo.

Aliponiona aliviondoa vile vibanio haraka, akakishusha na kukinyoosha kwa kiganja kama ulivyokuwa unafanya wewe. Ndipo akasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo haigandi?"

Akaendelea kukinyoosha.

"Upendo."

"Haigandi kikiinuliwa," akasema. "Fundi alifungua ubavuni, kitambaa tukakiinua nyuma tu, akasema inashika joto. Ile feni ya nyuma inapuliza kwenye kitambaa, hewa haitoki."

"Siku ile aliyofunga kadi?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema visiguswe." Akatazama chini. "Niliona bora iwe inaganda."

Nilikaa. Mimi, muuza rejeta. Mimi ambaye Julai baridi ya mlima Meru ikishuka na madereva wakaweka boksi mbele ya rejeta ili injini ipate joto, ndiye ninayewafokea jua likitoka, "Toeni hilo boksi, mtaua injini." Nimekaa kwenye sebule yangu nikitazama injini iliyofunikwa gauni, naagiza kadi Nairobi. Na mtoto wangu kila jioni alikuwa anakishusha kitambaa kabla sijafika, anakaa, anacheza akijua litaganda, ili mimi nisiguswe. Alikuwa akinitunza kama anavyotunzwa mgonjwa. Sikujua kwamba nimekuwa hivyo.

Nikamwambia, "Njoo tukitoe."

"Si lazima, baba. Tunaweza kuinua tu nyuma."

"Njoo."

Tukakishika kama mlivyokuwa mkikunja shuka, yeye pembe za nyuma, mimi za mbele, tukakiinua kwenda juu taratibu. Na pale juu ya sanduku, kwenye ile rangi yake ya maziwa, yalikuwepo maua yako. Vumbi lilikuwa limepita kwenye matundu ya kroshia na kukaa, ua kwa ua, na mistari ya katikati imebaki safi pale uzi ulipolala. Yote yalikuwepo, hata lile ua la pembeni ulilokosea ukasema hakuna atakayeliona.

Hapo ndipo niliposikia kitu, Mama Upendo. Nililia. Nililia na kitambaa kiko mikononi, na Upendo akalia upande wake, na tulikuwa tumekishika wote kwa hiyo hakuna aliyeweza kujifuta. Haikuwa muda mrefu. Sisemi kwamba mguu umepona. Umeanza kuwashawasha, na wewe unajua ule muwasho usivyopendeza.

Baadaye Upendo akaleta kitambaa kibichi cha kufutia, maana umemlea vizuri. Akafuta kioo, akafuta meza, akafuta pembeni za sanduku. Alipofika juu akasimama, akanitazama. Nikamwambia pale aache.

Sasa nikupe na hii, kwa sababu ni haki yako. Nilimwita fundi arudishe ile kadi ya kumi na sita. Akanishangaa, akasema thelathini na mbili ni bora mzee, kwa nini uitoe. Nikamwambia afanye. Tukawasha. Haikuganda, na magari hayakurukaruka, kwa kioo chetu na kwa gemu letu. Ulipatia kumi na sita, ukakosea kitambaa. Nimekusamehe kitambaa. Mimi nisamehe zile siku chache nilizokukasirikia bure.

Kitambaa tumekitandika kwenye mgongo wa kiti chako, pale hakimzuii mtu kupumua. Juzi jioni Upendo alinipisha, akaniambia nijaribu na mimi. Sijui kuendesha vile vitu. Nikaenda pembeni taratibu, nikapunguza mwendo kwenye kona, wakanipita wote. Mmoja akanigonga, nikasema, "Huyu naye ana haraka ya wapi?" Lilitoka lenyewe. Upendo akanigeukia, kisha akacheka, akajikunja mpaka akashuka kwenye kochi. Nilimaliza wa mwisho, na hakuna aliyesema usiku mwema mapema.

Ile thelathini na mbili iko kabatini, kwenye boksi lake. Ni ya baadaye. Ulisema baadaye itakuja na ya kwake, nami sina haraka nayo.

Lala salama huko mgombani Machame. Desemba tutapanda, mimi na yeye, kukuona.

Mumeo,
Baba Upendo
Kijenge