Gerard Kuczera na Kofia Aliyoikataa

Gerard, mwaka umekatika tangu ile Alhamisi ya Oktoba ulipokaa kwenye kigoda cha mlangoni kufunga kamba za viatu vya mchezo, ukamwambia mkeo Hildegarda, "Weka viazi, narudi saa nane," usiinuke tena. Kiatu kimoja ulikifunga, cha pili hukukifunga. Hildegarda alitoka jikoni mara mbili kukuuliza unasubiri nini. Mpaka leo hawezi kukitazama kile kigoda, na sisi wengine bado hatuamini. Septemba ulipimwa moyo, daktari akasema ni moyo wa kijana.

Uliichezea Poland tenisi ya mezani miaka kumi na mitatu. Ulikuwa mtu wa kujihami: unasimama mbali na meza, unaukata mpira kwa chini na kuurudisha mara ishirini, mara thelathini, hadi mpinzani achoke na utulivu wako afanye kosa mwenyewe. Ulicheza Budapest, Tehran na Nagoya, na mwaka mmoja ulishika nafasi ya tatu Ulaya. Hukujisifu. Ulirudi na sabuni ndogo za hotelini, nasi tukaoga kwa sabuni za nchi kumi na nne huku pasi yako ya kusafiria ikifungiwa ofisini hadi safari nyingine.

Jumapili, kabla ya kugusa nyama, ulibiringisha mpira kando ya sahani uone kama ni mviringo kamili. "Huu una tumbo," unasema, unamrushia mjukuu wako Roksana. "Kama mwenyewe," anajibu Hildegarda. Unacheka hadi unafuta macho. Ulikuwa mpole kupita kiasi, hata aliyetaka kukudhulumu aliona aibu.

Lakini kila tarehe nne Desemba, sikukuu ya wachimbaji wa makaa ya mawe, ulikuwa mtu mwingine. Bendi ikipita alfajiri, wanaume wa mtaa mzima wamevaa sare nyeusi na kofia zenye manyoya, wewe unafunga mapazia. Kwenye karatasi ulikuwa mchimbaji kama wao. Mgodi ulikuajiri ili uichezee klabu yake, na chini ya ardhi hukuwahi kutia mguu. Ulimwambia Hildegarda, si mara moja, "Nikifa msiniwekee ile kofia jenezani. Sikuitolea jasho." Aliahidi.

Wadogo wetu hawakujua kwa nini neno hilo lilikuuma hivyo. Wakubwa tulijua. Novemba 1978 ulikuwa Zagreb mashindanoni mgodi ulipotikisika. Huku kwetu kila anayeshuka huchukua kibati chake chenye namba ukutani, na akipanda hukirudisha. Siku ile watu walipanda, vibati vikahesabiwa, na msumari mmoja ukabaki mtupu: namba 417. Yako.

Mkeo aliitwa getini. "Mume wangu yuko Zagreb, anacheza," aliwaambia. Mlinzi alimshika mkono kwa huruma. "Kaa chini, mama. Ni mshtuko." Akazidi kusema, wakazidi kumletea maji. Waokoaji walitoka mji mwingine, hawakukujua, na wakubwa wa ofisini waliokujua walinyamaza, maana kueleza kwamba Kuczera hashuki kungewatia matatani. Basi watu walichimba kukutafuta kwa saa sita nzima, Gerard, na mwokoaji mmoja akakatika vidole viwili.

Uliporudi ukasikia, hukula siku tatu. Uliamini ofisi ilikitoa kibati chako ili ionekane upo kazini, na kwamba kila mchimbaji anakuhesabia vile vidole. Uliendelea kucheza miaka minane baada ya hapo, na ulicheza vizuri, lakini kwenye baa yao hukuingia tena.

Sasa sikiliza yaliyotokea siku ya mazishi yako, kwa sababu mwaka mzima tumeshindwa kuyabeba peke yetu.

Jeneza lilikuwa bado wazi. Wazee wanne wakaja mlangoni mwa kanisa wamevaa sare kamili, na aliyetangulia ameshika kofia ya ziada mikononi. Ni Alojz Pytlik, wa nyumba ya sita kutoka kwetu. Hildegarda akawazibia njia.

"Alojz, rudi na hiyo kofia. Gerard alikataza."

"Najua alikataza. Shemeji, nipe dakika moja."

"Sina hata moja. Padri anasubiri."

"Kile kibati nilikichukua mimi."

 Brygida, bintiyo, alikuwa ameshika shada la maua, likamponyoka.

"Kila aliposafiri tulishuka nacho kwa zamu," Alojz akasema, macho chini. "Ilikuwa hivi: yeye yuko kule peke yake, basi na awe na sisi huku. Jina lake likiitwa tunajibu, 'Ameshuka.' Na akishinda, mtu wa simu juu anatupigia huku chini, tunagonga mabomba kwa nyundo. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Jiwe likanipiga kichwani, nikapelekwa hospitali sijitambui, na koti langu likabaki chini na kibati chake mfukoni. Nilipozinduka jioni ndipo nikawaambia wakubwa wa ofisi, wakawaita waokoaji warudi juu."

"Na vidole vya watu je?" Hildegarda akamuuliza. 

Mzee wa nyuma akainua mkono wa kushoto. Ulikuwa na vidole vitatu. "Ni vyangu. Naitwa Emil. Bibi, mimi nimekunywa bia za bure kwa sababu ya vidole hivi maisha yangu yote. Nani mwingine amemtafuta mchezaji wa taifa shimoni na mwenyewe yuko Zagreb? Kinyongo sina. Sijawahi kuwa nacho."

Hildegarda akakaa kwenye ngazi ya kanisa na nguo yake nyeusi. Padri alitoka, akaona, akarudi ndani.

"Kwa nini hukumwambia?" Hildegarda akamuuliza Alojz.

"Niliogopa ataniona mimi ndiye niliyemkatisha mtu vidole. Na kila akiniona alivuka barabara, nikajua kumbe kweli ananichukia."

"Alikuwa anakuonea haya, mjinga wewe."

Alojz akainamisha kichwa. Mdomo ulimcheza tu, mzee wa miaka sabini na minne, na manyoya ya kofia yakamtetemeka kichwani. Mkeo akainuka, akaichukua ile kofia ya ziada, akaingia nayo yeye mwenyewe na kukuwekea kifuani. Hakumuuliza yeyote kati yetu.

Kwa hiyo umelala nayo, Gerard. Ahadi imevunjwa mbele ya padri. Ukikasirika mkasirikie mkeo. Amesema ataeleza mwenyewe mkionana. Sisi kinachotukereketa ni kingine. Miaka arobaini na sita mlinunua mkate duka moja, wewe na Alojz, kila mmoja akimkwepa mwenziwe, na neno moja tu lingetosha. Ulikufa ukidhani hawakutaki, na walikuwa wakigonga mabomba.

Unakumbukwa na mkeo Hildegarda, wanao Brygida na Henryk, mkweo Damian, mjukuu wako Roksana, dada yako Otylia. Alojz Pytlik na Emil wameomba majina yao yaandikwe pamoja na ya familia, nasi tumeyaandika.

Hutatutoka moyoni, Gerard, siku zote tulizobakiza.