Kufuli Jipya la Ghala

Mwazye, Kalambo
9 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Calvin,

Salamu nyingi sana, mwanangu. U hali gani huko Dodoma, unakula, unalala? Baba yako mzima, kifua tu na hii baridi ya mwezi wa sita. Bibi Coleta mguu umepungua kuvimba, anauliza mume wake atarudi lini, ndiyo wewe. Dada yako Rozina yupo kwake Kizwite, mtoto ameota meno. Ulezi tumevuna, mahindi tunaendelea.

Calvin, kuna jambo baya, ndiyo maana naandika. Simu naogopa hata kuibonyeza, utaona kwa nini. Barua nampa Hellena, anapanda basi la huko Dodoma kesho.

Ni kile kiunganishi chako, ulichotengeneza ukakiweka mtandaoni bure, kila mtu achukue. Kile kinachounganisha ile programu ya kikundi chetu cha wakulima, uliyoijenga kwenye kompyuta kwa kupanga vipande vipande, na simu za wanachama, mtu akipimiwa mahindi ghalani anapata ujumbe. Watu walikuombea hadi kanisani. Sasa tangu wiki iliyopita unakuja ujumbe kwa jina lilelile la kikundi, eti tuma namba yako ya siri upokee malipo. Mama Silvana wa jirani alikuwa ameshaandika, nikampokonya simu.

Teodori, katibu wa kikundi, alinijia analia. Anasema ulimwambia akikirekebisha hicho kiunganishi akirudishe mtandaoni, wengine nao wafaidi. Akarekebisha, akarudisha, na ule ufunguo wa kikundi, yale maneno marefu ya siri, akausahau humo ndani. Dunia nzima inauona, na aliyeuokota ndiye anayetuma ujumbe kwa jina letu! Sisi tumezoea kumrudishia jirani kikapu na chochote ndani, yeye karudisha na ufunguo. Kesho yake akakimbilia Wampembe kwa mjomba wake, simu kazima.

Basi nikaenda mimi kuwaeleza wazee wa kikundi. Nikasema, ufunguo wetu umetoka nje. Ningejua ningenyamaza. Walinunua kufuli jipya, wakafunga ghala! Asubuhi ujumbe ukaja tena. Ndipo mzee Steven akasema, "Mama Calvin, basi mwanao amechonga wa pili." Nikamwambia, "Siyo wa chuma, mzee." Akasema, "Kumbe upo na wa udongo?" Watu wakacheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Jumapili wakitoka misa wana kikao. Wasipoelezwa wanapeleka jina lako polisi. Baba yako anasema uache kabisa kugawa vitu bure, watu wanadhani ni mtego. Mimi hapo sijui, mwanangu. Naogopa wakukamate, na naogopa mtu mwingine ataandika namba yake mimi sipo.

Teodori alisema ufunguo unabadilishwa, wa zamani unakufa, na wewe uliyewafungulia akaunti unaweza kuingia ukiwa hukohuko. Uue leo, Calvin, ukisoma tu hapa.

Msalimie mkeo Happyness. Bibi anakutemea baraka, na Mama Maria akufunike.

Nijibu upesi. Usiniandikie ujumbe, sitauamini hata ukija na jina lako. Piga nisikie sauti, na Jumapili piga tena, simu nitaiweka katikati ya kikao wote wakusikie. Maana mimi najua kuwaambia tu kwamba mwanangu si mwizi, na hilo mama yeyote angesema.

Ni mimi mama yako nikupendaye na kukuhofia,
Margareth