Taa ya Chooni

Mwenzangu, sina mbavu. Kisa cha wifi yako fundi na bosi wetu wa karakana ya taa.

Zile taa za LED za bekari, za juu ya tanuri, wifi yako alizipimia nusu ya umeme zinaoweza kubeba, joto lisiziue. Bosi akaja na bisibisi. "Hizi taa au vibatari? Mteja ananunua mwanga." Akaongeza umeme mpaka mwisho.

Leo mwenye bekari kazirudisha zote sita, nyeusi tii. Wiki tatu. Bosi aliapa miaka kumi, zimekaa wiki tatu.

Na bosi bila haya: "Fundi, muoneshe yetu iliyodumu."

Iliyodumu ni moja tu. Iko chooni kwetu karakanani, chini ya bati linalochoma, wifi yako aliifunga miaka saba iliyopita na haizimwi.

Wakajibanza mle wote watatu, shingo juu. Mteja kauliza mbona hii haijafa.

Wifi yako, kwa adabu zote: "Bosi haifikii."

Oda mpya imeandikwa hivi: "Taa sita, kama ya chooni." Bosi katia sahihi mwenyewe.