Maana ya Shengtai

Jumanne, Kisegi

Kicheko cha wale vijana bado kinanikera, na chanzo chake ni mimi.

Leo kampuni ya Wachina iliyoniajiri kama mkalimani ilikutana na watu wa ufuoni. Samaki wanakufa karibu na vizimba vyetu vya kufugia samaki ziwani. Mama Akoth, muuza samaki, akasimama na kuonyesha bango letu kwa kidole. "Nyara," akaniita kwa Kijaluo, yaani binti yangu, "hayo maandishi yanasema nini?"

"Shengtai," nikajibu.

"Kumbe Wachina nao huongea Sheng!" akashangaa, akidhani ni ile lugha ya vijana wa mitaani. Vijana wakaangua kicheko.

Nikamweleza kama mwalimu. Kwa Kichina, sheng ni kuishi, au kuzaliwa. Tai ni hali. Kwa pamoja ni ikolojia, yaani hali ya viumbe kuishi katika mazingira yao. Wachina wenyewe walilichukua neno hilo Japani, ambako wasomi waliunganisha herufi hizo mbili za kale kuipa jina elimu hiyo mpya.

"Hali ya kuishi," akarudia polepole. "Basi mwambie meneja wenu kwamba samaki wetu hawaishi. Maji yananuka. Aje ayanywe."

Meneja akaniuliza amesema nini. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na...

"Anasema neno lenu ni zuri sana."

Meneja alifurahi kweli. Akavua kofia yake yenye neno hilo, akamvika mama kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Mama akadhani hiyo ndiyo ahadi ya kusafisha maji.

"Erokamano, nyara," akanishukuru, akinishika mkono. "Umenisemea vizuri."