Sifuri Niliyompa Zainabu

Carama, Bujumbura

Mdogo wangu Mwajuma,

Salamu zikufikie wewe na wote wa nyumbani Ujiji. Goti lako limepoa? Mimi moyo umechoka. Daktari haongei tena na mimi, anaongea na mke wangu. Ndiyo maana naandika leo, mistari michache, napumzika, naendelea.

Juzi mkurugenzi wa chuo nilichofundishia uhasibu alikuja kunijulia hali. Hata chai hakugusa.

"Mwalimu, batoto ba sasa banauliza mashini ya akili bandia tu, inabatolea tableau, jedwali yote ya Excel. Somo tulifute?"

Nikamwambia asilifute. Mashine ikikosea, nani atajua? Atafutwe mwalimu wa kuwafundisha kuuliza: namba hii imetoka wapi?

"Mutu kama huyo tutamupata wapi?"

Mtu huyo namjua. Ni Zainabu, binti yako.

Sisi tuliosomea kwenye madaftari makubwa tulikuwa na aibu yetu. Excel ilipoletwa, nilikuwa napiga hesabu kwa kalkuleta, kisha naandika jibu kwenye kisanduku. Jedwali linapendeza, lakini limekufa. Siku moja Zainabu, akiwa mwanafunzi wangu, akainua mkono.

"Mjomba, badilisha bei ya sukari hapo juu."

Nikabadilisha. Jumla haikusogea.

"Eee, leo prof amefundishwa!" mmoja wa nyuma akapaza sauti. Darasa likaangua kicheko. Zainabu hakucheka.

Kwenye mtihani wa mwisho, ukigusa namba moja katika jedwali lake, zote zilifuata. Nikampa sifuri, nikasema ameiba kazi ya mwenzake. Wewe nikakuandikia kwamba binti yako mvivu. Ukaniamini, ukamwita nyumbani, na mpaka leo anauza vitenge.

Hakuiba, Mwajuma. Wala hakuwa mvivu. Nilisema uongo.

Ndani ya bahasha hii mna barua ya pili, ya kupelekwa kwa mkurugenzi. Nimeeleza yote na kutia saini. Mpe Zainabu aisome kwanza. Akitaka kuja kufundisha, au kusafisha jina lake tu, aipeleke. Akitaka kuichana, aichane. Usimsihi kwa ajili yangu, wala usimwambie kwamba naumwa.

Nisalimie shemeji, na mjane wa kaka yetu. Mke wangu anawasalimu. Naye nilimweleza haya leo asubuhi.

Kaka yako,
Ramadhani