Ismenia Zamorano, Uliyekuwa Wetu Kabla Hujawa wa Dunia

Mwaka mzima umepita, Ismenia, tangu ututoke, na tangazo hili la kumbukumbu limekawia kwa sababu ya dada yako Yasna. Kila tulipoandika "mwanaharakati aliyejulikana duniani kote", yeye alichukua kalamu akafuta. Alisema hayo wayaandike watu wa mbali, maana ndiyo pekee wanayoyajua. Sisi tuandike mambo yako.

Basi tunaandika. Ulikuwa ukinyofoa sehemu laini ya mkate na kumwachia Yasna maganda, halafu unamwambia maganda ndiyo yenye nguvu. Uliimba vibaya na kwa sauti kubwa, hasa ukiwa unaosha vyombo. Ulivaa masweta ya watu bila kuomba. Mtungi wa gesi wa jirani yetu Uberlinda uliupandisha begani ngazi zote za kilima, ukifika juu unajifanya hukuchoka, kisha unajilaza sakafuni jikoni kwake mpaka akupe chai. Na wanafunzi wako walipotoroka somo la historia, walijua utawafuata hadi kwao. Hukuwafuata kuwashtaki. Uliwauliza kama wamekula.

Yasna alikutangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, na kwa muda mrefu wewe ndiye uliyeitwa mdogo wa Yasna. Hayo yaligeuka mwaka ule mliposoma chuo kimoja hapa Valparaíso, ada ikawa inameza mshahara wa baba kabla haujatoka getini bandarini. Wanafunzi waligoma, wakalikalia jengo la kitivo kwa wiki kadhaa, ninyi wawili mkiwemo. Siku polisi walipolivunja lango, mpiga picha mmoja alikunasa umesimama juu ya kiti, mkono hewani, nywele zimelowa maji yaliyorushwa na magari ya polisi. Yasna alikuwa amekishika kiti hicho ili usianguke. Magazeti yalipoikata picha ipate kuenea vizuri, dada yako akabaki bega.

Mlikamatwa wanawake wanne: wewe, Yasna, Briseida na Edelmira. Kosa moja, hakimu mmoja, selo moja. Lakini picha ilikuwa moja tu, na ilikuwa yako. Kabla mwezi haujaisha, Montreal, ambako nako wanafunzi walikuwa wakipigania ada, watu walisimama mbele ya ofisi ya ubalozi wetu wakigonga sufuria kama tunavyogonga sisi huku, wakidai Ismenia aachiwe. Mexico nao wakaandamana, Athens wakaandamana, hata Manila. Watu wasiokujua hata kwa salamu waliacha kazi zao wakasimama mvuani kwa ajili yako. Mama alikuwa akilia kwa shukrani kila redio ikikutaja. Yasna alikuwa akisikiliza kama watamtaja na yeye. Hawakumtaja.

Kisha ikaja soksi. Akina mama wa Montevideo walisikia selo ni ya baridi, wakafuma soksi nzito za sufu, jozi kwa jozi, kila moja ikiwa na herufi ya kwanza ya jina lako. Baridi haina kiburi. Nyote wanne mlizivaa. Yasna alinyoosha miguu mbele ya Briseida, akasema hata miguu yake sasa inamtangaza Ismenia. Briseida alicheka mpaka akashika mbavu. Wewe hukucheka, kwa sababu ulimjua dada yako na ulijua kwamba hatanii.

Siku Ghislaine alipokuja ndipo maji yalipozidi unga. Alikuwa mwanafunzi kutoka Montreal, mrefu, mwenye Kihispania cha kuokoteza, na alikuwa amesafiri kwa nauli iliyochangwa na wenzake. Aliingia chumba cha wageni cha gereza, akakukumbatia, akalia kwenye bega lako. Halafu akamgeukia Yasna, akampa kamera.

"Samahani, dada. Tupige picha, tafadhali."

Ulimwambia hapohapo kwamba huyo ni dada yako wa damu, na yumo humo kwa kesi hiyohiyo. Ghislaine akawa mwekundu hadi masikioni. Alijaribu kuomba radhi, Kihispania kikamwishia njiani. Yasna alisema hakuna neno, akapiga picha. Ilipokuja kuoshwa kule Montreal, walikuta miguu minne na kipande cha meza.

Mlipofungiwa tena selo, dada yako alisema aliyokuwa ameyameza tangu wiki ya kwanza.

"Wewe umefungwa na dunia nzima inakulilia. Mimi nimefungwa bure. Mtu nimefanya kosa lilelile, nakula maharage yaleyale, na wanadhani mimi ni mpiga picha wa gereza."

"Unataka nifanye nini, Yasna? Sikuiomba ile picha."

"Najua hukuiomba. Ndiyo maana inauma. Ungeiomba ningekuchukia nikapumzika."

Hamkusemezana mpaka siku mahakama ilipoamua. Kelele za nje zilikuwa zimewachosha wakubwa, na wakatafuta njia ya kuzinyamazisha kwa bei rahisi: wakaamuru Ismenia Zamorano aachiwe kwa dhamana. Wewe peke yako. Ulikaa kitandani ukasema hutoki bila wenzako. Edelmira akakubembeleza, Briseida akakubembeleza. Aliyekutoa ni Yasna. Alichukua nguo zako akazisokomeza mfukoni kwa hasira, sweta lake mwenyewe likiwemo, maana wewe ndiye uliyekuwa ukilivaa siku zote.

"Toka," alikuambia. "Ukibaki watasema umekuwa mtakatifu. Na hapo, mdogo wangu, sitakuvumilia kabisa."

Ukatoka. Baada ya wiki chache ukaitwa Montreal kuhutubia, na mahakama ikakuruhusu. Jioni ya hotuba, wakati wa chakula, televisheni ya gereza ilionyesha uwanja umefurika watu, na wewe jukwaani ukiwa umevaa sweta la Yasna. Dada yako alilitambua kabla hajautambua uso wako. Alitarajia utasimulia mateso yako, kwa kuwa ndiyo waliyoyalipia nauli. Hukusimulia. Uliwaambia kwamba gerezani wamebaki wanawake watatu, na kwamba hukuja kupigiwa makofi, umekuja kuwafundisha majina. Ukaanza na Yasna. Ulitamka jina lake lote, la baba na la mama, na umati ule ukalirudia vibaya. Ukawarudisha mwanzo kama watoto wa darasa la kwanza. Walirudia mpaka likawa jina la mtu. Kisha Briseida, kisha Edelmira.

Ukumbi wa gereza ulilipuka kwa vijiko kwenye meza. Yasna aliinamia sahani yake. Ametuambia mwaka huu kwamba alikuwa akilia, na kwamba alifurahi, na kwamba alichukia kufurahi. Maana hata jina lake, ili lisikike duniani, ilibidi lipitie kwanza kinywani mwako.

Lakini lilisikika. Mabango mapya yakawa na sura nne. Sufuria zikagongwa tena, huko na hapa, na majira ya kuchipua yalipofika wote watatu wakarudi nyumbani. Tuwe wakweli: hatukuwatoa sisi peke yetu. Walitolewa pia na watu ambao hatutawaona maishani, na mama huwataja kanisani hadi leo. Yasna humwacha aseme, kisha hunong'ona kwamba Mungu ndiye wa kuwalipa, yeye hana chenji.

Miaka ikaenda, ukawa mwalimu wa historia. Mlirudi kuwa dada wawili wa kugombania bafu. Halafu damu yako ikaanza kuugua. Wodini maua yalikuja kutoka kila upande wa dunia, hadi muuguzi akakosa pa kuweka dawa. Asubuhi moja uliamka ukakuta chumba kitupu.

"Maua yangu yako wapi?"

"Wauguzi wameyatoa," alisema Yasna.

"Umeyatoa wewe."

"Nimeyatoa mimi. Yanakula hewa yako."

Ulimtazama, ukajisogeza ukutani taratibu, ukamwachia nafasi kitandani kama mlivyokuwa mkilala utotoni. Yasna alivua viatu akapanda. Hakuna aliyepiga picha.

Siku ya mazishi walikuja wengi, na tunawashukuru. Bendera zilijaa, hotuba zilijaa, na waliobeba jeneza walikuwa watu ambao baba hakuwajua. Tulisukumwa nyuma mpaka mama akawa anaona migongo tu. Ndipo Yasna alipopita katikati yao kwa viwiko.

"Pisheni," alisema, wala hakupaza sauti. "Ninyi mnamjua kwa picha. Mimi nimelala naye kitanda kimoja."

Walipisha. Wa kwanza kupisha alikuwa Ghislaine, ambaye alikuwa ameshika pembe ya jeneza. Alimpa Yasna pembe ile, akaja nyuma kumshika mama mkono.

Mwezi uliopita Ghislaine aliandika. Katika nchi moja jirani, vijana wawili wamefungwa kwa kugomea ada, na watu wanakusanyika mbele ya ubalozi wa nchi hiyo kule Santiago, mji mkuu wetu. Aliuliza kama Yasna angesimama pale, mahali ambapo wewe ungesimama. Yasna alikasirika siku tatu. Alisema yeye si kiraka cha mtu, na kwamba kama wanamtaka Ismenia wakamfukue. Siku ya nne tulimkuta jikoni, anatamka majina mawili, anakosea, anayarudia. Akapanda basi.

Alisimama pale mchana kutwa na bango lake. Halikuwa na picha yako. Lilikuwa na majina ya wale vijana, na chini yake ameongeza jina la tatu, la msichana aliyefungwa pamoja nao, ambaye hakuna gazeti lililokuwa limemwandika. Mwandishi wa habari alimjia mbio akamuuliza kama yeye ndiye dada wa yule Ismenia Zamorano.

"Mimi ni Yasna Zamorano," alijibu. "Ismenia alikuwa mdogo wangu. Sasa andika: hawa wamefungwa watatu, si wawili. Nitakusomea majina polepole."

Unakumbukwa na baba yako Eleuterio, mama yako Filomena, dada yako Yasna, na jirani yako Uberlinda, ambaye siku hizi Yasna humpandishia gesi, akinung'unika njia nzima. Unakumbukwa pia na Ghislaine, ambaye Yasna amemfuta hapa mara mbili na mama amemwandika mara tatu.

Dunia itakukumbuka ikipenda, Ismenia. Sisi, daima.